Siku Msafara wa Harusi Ulipompeleka Mwende Hospitali

Nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya keki huwa mnaniuliza vipimo. Unga kiasi gani, mayai mangapi, oveni iwe na moto gani. Hayo mtayapata kwenye simu zenu, na wanaoyaeleza huko wanaongea vizuri kunishinda. Mimi nimestaafu, magoti yamekataa kusimama, na nikikaa hapa Kabiria mbele ya nyumba yangu sikumbuki vipimo. Nakumbuka keki zilizokwenda kombo na watu waliokuwa karibu. Juzi mmoja wenu aliniuliza mtu afanye nini mtoto akianguka kifafa jikoni, na nikaona jibu langu haliwezi kuwa fupi, kwa sababu ndani yake kuna Mutua.

Lakini kwanza mwelewe kazi yenyewe. Keki ya harusi ni jengo. Ina msingi, ina nguzo, ina orofa, na ikianguka inaanguka mbele ya wakwe. Aliyenifundisha, marehemu Mama Tabitha, alikuwa na duka dogo katikati ya jiji, juu ya ngazi nyembamba kando ya fundi wa saa. Kabla hajaniruhusu kugusa keki alinibebesha karai lililojaa maji, nipande nalo zile ngazi na kushuka. Nikimwaga, napiga deki. Nilipiga deki mpaka fundi wa saa akadhani nimeajiriwa kufanya usafi, akaniomba nimpitie na kwake. Siku nilipopanda bila kumwaga tone, Mama Tabitha aliyachukua yale maji akachemshia chai.

Siku hizo tulipaka siagi na sukari, tukachora maua, basi. Baadaye wateja wakaanza kuleta picha kwenye simu. Mmoja alitaka keki ya umbo la mkoba. Mwingine alitaka keki ya sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yaonekane. Niliwahi kuwatengenezea wachinjaji wa Dagoretti ng'ombe mzima wa keki, mwenzao alipokuwa akistaafu. Nilimpa pembe na kope. Walipomwona wakamlaza ubavu, wakamchinja kwa utaratibu wao wote, na mkubwa wao akaniuliza kwa heshima kama nilikuwa nimemweka maini.

Mutua hakuja kwangu kutafuta kazi ya keki. Alikuja kupiga plasta ukuta wa jikoni uliokuwa umepasuka. Alikuwa fundi wa ujenzi, Mkamba wa Makueni, mwili kama mlango wa geti, sauti ndogo. Mimi nilikuwa mezani napaka keki, yeye ukutani anapaka simenti, kila mtu na mwiko wake. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mathe, samahani. Huo mkono unaushika vibaya. Unaacha mawimbi."

Nikampa mwiko. Akapaka ile keki upande mmoja, ukawa laini kama ukuta wa benki. Ule ukuta wangu haujamaliziwa mpaka leo, lakini tangu siku hiyo Mutua akawa mtu wangu, nami nikawa Mathe, mama yake wa kazini.

Alikuwa na binti mmoja, Mwende, wa miaka sita. Mkewe Kalondu alikuwa amekwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani, kwa hiyo baba na mtoto waliishi wawili kwenye chumba cha kupanga huku huku kwetu, na kila Jumamosi, siku ya harusi za watu, Mwende alikuja nasi. Alikuwa na kazi yake. Alikula mabaki tunayokata kusawazisha keki, na alitueleza, bila kuulizwa, kama imeiva.

Basi Jumamosi moja tulikuwa na harusi kwenye bustani fulani upande wa Jamhuri. Keki ya orofa tano. Tulifika mchana mapema, maharusi wakiwa bado wanapigwa picha, wageni wanaanza kujaa. Watu wa mapambo walikuwa wameweka meza ya keki kwenye nyasi. Nisikilizeni hapa: msikubali meza kwenye nyasi. Daini mbao chini ya miguu ya meza. Mimi nilidai, nikaahidiwa mbao zinakuja, nazo mpaka leo zinakuja.

Tulikuwa tumeshapandisha orofa ya tano. Mutua alikuwa amepiga goti upande mmoja anaficha kiungo kwa maua ya sukari. Mwende alikuwa amekaa kwenye nyasi karibu na meza, ana kipande cha keki mkononi. Nikasikia kishindo kidogo, kama mtu ameweka chini mfuko wa unga. Nikageuka. Mtoto ameanguka chali, macho yamegeuka, mwili umekakamaa kama ubao. Kisha mikono na miguu ikaanza kutikisika, na mguu mmoja ukawa unapiga mguu wa meza. Ule mguu wa meza ukazama kwenye shimo lililochimbwa na fuko chini ya nyasi.

Keki ikaanza kuja, na ilikuwa inamjia Mwende.

Sikufikiria. Niliikumbatia, mikono miwili, kifua chote, shavu kwenye orofa ya tatu, nikabaki hivyo. Ningeiachilia ingemwangukia mtoto, na ile keki ilikuwa na uzito wa mtu mzima. Kwa hiyo yote ninayowaambia sasa niliyaona nikiwa nimelala kifudifudi juu ya keki, jicho moja limezibwa na aisingi.

Mutua alikuwa tayari ameshapiga magoti kando ya binti yake. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema "Mwende, Mwende, Mwende," kama mtu anayegonga mlango na anajua watu wako ndani. Hakuwa amewahi kuona kitu kama kile, na mtoto hakuwa amewahi kuanguka hata mara moja.

Wageni walifika kabla ya akili kufika. Mama mmoja alitoka meza ya chakula na kijiko kikubwa cha kupakulia wali, akitaka kukiingiza mdomoni mwa mtoto asijing'ate ulimi. Kijiko chenyewe kilikuwa kipana kuliko uso wa Mwende. Mzee mmoja alikaa chini akaanza kufungua kamba za kiatu chake, taratibu kabisa, akisema harufu ya ngozi inarudisha watu. Kijana akatumwa kwa wapishi alete kitunguu, akarudi na kikapu kizima cha vitunguu na mpishi mmoja aliyekuja kudai kikapu chake. Mwingine akasema mtoto ashikwe kwa nguvu atulie. Mwingine akasema maji. Mwingine akasema yasiwe maji ya baridi.

Emsii wa harusi naye alitaka kusaidia. Akachukua kipaza sauti akasema, "Wapendwa, tunaomba kama kuna daktari yeyote hapa, afike upande wa keki." Sasa, dijei alikuwa ameambiwa kwamba emsii akinyamaza, muziki uingie. Emsii akanyamaza, muziki ukaingia. Akina mama waliokuwa mbali wakaanza kucheza.

Wakaja madaktari wawili. Wa kwanza alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani. Alifika, akatazama, akasema kwa unyonge, "Mimi ni daktari wa uchumi. Nimekuja tu, sijui kwa nini." Nampenda mpaka leo kwa kusema hivyo. Alimpokonya yule mama kijiko, akasimama nacho mbali, na hiyo ilikuwa huduma kubwa.

Wa pili alikuwa mjomba wa bwana harusi, mtu mfupi wa tumbo. Akasema, "Mimi ni wa mifugo. Nakagua nyama huku Dagoretti."

Mutua akainua uso. "Haidhuru, Daktari. Mwangalie tu."

Yule bwana akavua koti lake jipya, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha Mwende. Akamgeuza mtoto alale ubavu, mate yatoke nje yasirudi kooni. Akafungua kifungo cha shingo. Kile kipande cha keki kilichokuwa mkononi alikitupa mbali. Akasema bila kuinua sauti, "Hakuna kitu inaingia kwa mdomo. Hakuna mtu anamshika mkono wala mguu. Ondoeni hizo chupa za maji. Na huyo mzee avae kiatu." Kisha akaangalia saa yake, akaendelea kuiangalia.

"Anakufa?" Mutua akauliza.

"Hapana."

"Umejuaje?"

"Nina jirani, kijana wake hupata hivi. Nimeona mara nyingi. Itaisha yenyewe."

"Na ng'ombe? Ng'ombe wakipata hivi huwa wanaishi?"

"Baba, wachana na ng'ombe. Mwangalie mtoto wako, mwongeleshe."

Mutua akaanza kumwongelesha kwa Kikamba, pole pole. Mimi huku keki ilikuwa inazidi kuwa nzito, maua ya sukari yananichoma shingo, na mtoto mmoja wa wageni amekuja kusimama mbele yangu akaniuliza kama mimi ndiye nitakatwa. Nilitaka kulia lakini niliogopa kutikisika.

Mtikisiko ukapungua, ukasimama. Mwende akalegea, akaanza kukoroma. Mutua alidhani mtoto amekwisha. Akaweka paji la uso kwenye nyasi. Daktari wa mifugo akamgusa bega akasema, "Amelala. Wakimaliza hulala hivi, wanachoka sana. Lakini kwa sababu ni mara ya kwanza lazima aonekane na daktari. Wa watu."

Bibi harusi alikuwa ameshafika, gauni ameliinua kwa mikono yote miwili. Alikuwa msichana wa maneno machache. Akasema, "Chukueni gari letu, liko karibu na geti." Wakamtoa mtoto, Mutua amembeba, daktari wa mifugo anafuata, wakaingia kwenye lile gari la maharusi lenye utepe, maua na mwanasesere mweupe amefungwa mbele. Bwana harusi na emsii wakanijia, wakaanza kuiteremsha keki kutoka juu, orofa moja moja, mpaka nikaweza kusimama wima tena.

Tulikuwa tunaweka orofa ya mwisho chini tuliposikia honi. Madereva wa msafara walikuwa wamekaa kwenye magari yao hapo nje wakingoja. Waliona gari la maharusi linatoka kwa kasi. Walijua nini? Walidhani maharusi wanakwenda kupigwa picha nyingine. Wakawasha magari, taa zikawaka, honi zikaanza, na pikapu ya watu wa tarumbeta ikakaa nyuma yao. Wageni kadhaa, kwa kuogopa kuachwa, wakadandia. Bustani ilibaki na maharusi, wazee, daktari wa uchumi na mimi.

Ya hospitalini nilisimuliwa na daktari wa mifugo. Anasema njia nzima Mutua alikuwa ameweka kidole chini ya pua ya mtoto kuhakikisha anapumua, na hakusikia tarumbeta hata kidogo. Walipoingia getini, msafara wote uliingia. Askari wa geti akachungulia ndani ya gari, akauliza, "Bibi harusi ameumia wapi?"

"Hakuna bibi harusi," daktari wa mifugo akasema.

"Mmemwacha wapi?"

"Kwa harusi."

Askari akafikiria, akafungua kizuizi. Mbele ya mlango wa dharura watu wa pikapu waliteremka wakipiga, wageni wakatoa simu wachukue video, mlango wa gari ukafunguliwa, akatoka Mutua na aproni yake, mikono myeupe kwa aisingi, amebeba mtoto aliyelala. Tarumbeta moja iliendelea peke yake kwa muda, mwenyewe hakuwa ameona. Kisha ikanyamaza. Wale wageni wote, badala ya kurudi kwenye chakula, walikaa kwenye viti vya kusubiria na suti zao wakangoja habari ya mtoto ambaye hawakujua hata jina lake.

Mimi nilifika baadaye. Nilikuwa sijabadilisha nguo. Muuguzi wa mapokezi alinitazama kifuani, aisingi imeganda na alama za maua, akaniuliza kwa upole hayo mabaka yalianza lini.

Daktari aliyemwona Mwende alikuwa dada wa umri mdogo mwenye sauti ya uchovu. Mtoto alikuwa ameamka, anadai chakula, hakumbuki kitu. Hakuwa na homa, damu ilipimwa ikawa sawa. Daktari akasema huko ni kuanguka kwa mara moja, bado hakuitwi kifafa, kwamba mtu anaweza kuanguka hivyo mara moja na isirudi tena maisha yake yote, kwa hiyo hatampa dawa bado. Atapimwa ubongo siku nyingine kwa zile waya za kichwani. Akianguka tena, wafanye kama walivyofanya leo, na kama itapita dakika tano, wamlete mbio.

Mutua alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Sasa mimi nifanye nini?"

"Endelea kuishi kawaida," daktari akasema. "Usimwache peke yake kwenye maji wala asipande juu juu. Lakini mwache awe mtoto."

Vijana, nimemwona Mutua akibeba keki ya orofa tano kwenye ngazi za mawe mvua ikinyesha. Hilo la kuishi kawaida ndilo lililomshinda.

Ilibidi kwanza amwambie Kalondu. Alikuja kwangu siku iliyofuata, tukakaa mezani, akafanya mazoezi. Mimi nikawa Kalondu. "Habari ya huko," akaniambia. Nikasema nzuri. Akaniangalia, akashindwa. Tulirudia mpaka chai ikapoa. Alipompigia hatimaye kwa video, alianza na ile harusi, akaeleza rangi ya mapambo, akaeleza nyasi, akaeleza mafuko na tabia zao. Kalondu alikuwa amesimama kwenye jiko la watu, kitambaa kichwani. Akasema, "Mutua. Ni Mwende?"

Akamwambia. Kalondu alizima moto wa lile jiko. Kisha akauliza, "Alikuwa amekula?"

"Alikuwa anakula keki."

"Na wewe, umekula?"

Mutua alikuwa hajala tangu jana yake. Aligeuza simu ikaangalia dari.

Baada ya hapo ikaanza ile miezi ninayoiita miezi ya magodoro. Alinunua magodoro mtumba, akayatandaza chumba kizima, ukuta mpaka ukuta, hata kufungua mlango ikawa kazi. Ukiingia unatembea kama mlevi. Akamvika mtoto kofia ya kuendeshea baiskeli, na baiskeli hawakuwa nayo. Mwende aliivaa shuleni, akaivaa sokoni, na watu wa Kabiria wakawa wanamuuliza mashindano ni lini. Mutua akamfunga kengele ndogo kwenye kiatu ili asikie akisimama ghafla. Jikoni kwangu tulikuwa tunasikia kengele, kisha kimya, kisha Mutua anaacha keki na kukimbia, na kila mara ilikuwa mtoto amekaa chini anachora.

Kanisani ndiko alikovuka mpaka. Hakuweza kumwacha Mwende shule ya Jumapili peke yake, kwa hiyo akaingia naye. Alikaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yamefika masikioni. Mwalimu alimvumilia, kisha akamzoea, kisha akaanza kumuuliza maswali. Mutua akakariri mistari kuliko watoto wote, akapewa nyota. Ilipofika igizo la Krismasi, kwa kuwa hakutaka kutoka jukwaani, walimpa awe ukuta wa zizi. Alisimama vizuri sana. Ni fundi.

Lakini usiku alikuwa halali. Nilijua kwa kazi yake. Aliandika "Pole kwa Harusi" kwenye keki ya watu wa Riruta, bahati nzuri niliisoma kabla haijatoka. Alitia chumvi mahali pa sukari. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya oveni, mlango wazi, anaiangalia keki iliyoiva akiwa hajui afanye nini nayo. Nikamwambia, "Baba Mwende, mtoto yuko sawa."

"Najua, Mathe. Ndiyo shida. Angekuwa mgonjwa ningejua pa kumshika."

Vile vipimo vya waya vilikuja havina jibu kamili. Mwende alikaa kwenye kiti, kichwa kimepakwa gundi na kufungwa waya, akauliza kama atatoa muziki. Karatasi ilitoka na mistari. Daktari akasema tungoje. Mutua akauliza tungoje nini. Daktari akasema, ama kitu ama kutokuwepo kwa kitu.

Kikaja kitu. Ilikuwa likizo, asubuhi ya jua, jikoni kwangu. Mwende alikuwa amevua kofia kwa sababu ya joto, na babake alikuwa anachora waridi kwenye keki ya kipaimara. Kengele ikanyamaza. Safari hii Mutua hakukimbia. Aliweka chini mfuko wa aisingi, akageuka, akamkuta mtoto ameanguka kando ya magunia, anatikisika.

Nilikuwa mlangoni. Nilimwona akivuta kiti pembeni, akaweka aproni iliyokunjwa chini ya kichwa, akamgeuza ubavu, akaangalia saa ya ukutani. Kisha akajilaza sakafuni mbele yake, uso kwa uso, mwili ule wote kwenye sakafu yenye unga, akaanza kumsimulia jambo kwa Kikamba. Baadaye nilimuuliza alikuwa anamwambia nini. Alikuwa anamweleza jinsi ya kuchanganya simenti.

Iliisha. Mtoto akalala. Mutua akakaa juu ya gunia, mweupe kama mkate kabla ya kuokwa, akasema, "Mathe, imekuja na imeenda." Akarudia. Nikamletea maji, akachovya vidole, akainama kumpangusa mtoto unga usoni.

Hospitali wakasema sasa ni kifafa, na dawa zikaanza, asubuhi na jioni. Nilidhani neno lenyewe litamvunja. Kwao, na hata huku kwetu, kuna watu ukisema hivyo wanaanza kumwekea mtoto kikombe chake peke yake. Lakini Mutua alitoka mle ndani ametulia. Jumamosi hiyo aliyauza magodoro. Kengele ilitoka kwenye kiatu. Kofia aliiachia uamuzi Mwende, naye Mwende alimpa mtoto wa jirani mwenye baiskeli. Kalondu alipoambiwa alisema sawa, dawa ni saa ngapi, na tangu hapo simu yake ililia kila asubuhi na kila jioni, sekunde chache tu, kuuliza neno moja: "Amemeza?"

Ikabaki shule. Mwalimu wa darasa alikuwa anaogopa kuliko watoto. Mutua akaenda, akaomba apewe muda mbele ya wanafunzi awaonyeshe cha kufanya. Alieleza kwa mdomo, hawakuelewa. Basi akalala sakafuni, katikati ya madawati, akasema, "Mimi nimeanguka. Nisaidieni."

Mwende akasimamia. Haya aliniambia mwalimu mwenyewe kwa simu. Mwende aliwaambia waondoe madawati, wakaondoa. Aliwaambia wasimtie kitu mdomoni, na mmoja akamtoa kalamu aliyokuwa ameshaiweka. Kisha wamgeuze ubavu. Hapo wakakwama. Walisukuma wakiwa wawili, hakusogea. Wakaongezeka. Darasa zima likawa upande mmoja, wanasukuma kwa mabega kama gari lililokwama kwenye matope, mpaka akageuka. Mtu akaweka sweta chini ya kichwa chake, mwingine akaweka lake, ikawa rundo. Wakakaa kumzunguka, wakaangalia saa ambayo hawajui kuisoma.

Kengele ya mapumziko ikalia. Watoto wakatoka mbio wote, na Mwende mbele yao, hakugeuka nyuma hata kidogo.

Mwalimu akangoja Mutua ainuke. Hakuinuka. Akamwita Baba Mwende, hakuitika. Ndipo aliponipigia simu akinong'ona kwa hofu. "Mama, huyu baba bado yuko chini. Mara ya kwanza alikuwa anaigiza. Sasa sijui."

"Anapumua?" nikamuuliza.

"Anakoroma."

Nikamwambia amwache, huyo ana usingizi wa miezi. Watoto waliporudi, mwalimu aliwafundisha hesabu kwa sauti ya chini, na aliyetaka kwenda kunoa penseli alimruka mguu taratibu, mpaka saa ya chakula.